Hita ya maji imegoma kupasha na taa ya swichi inawaka kama kawaida. Nianzie wapi kabla sijanunua nyingine?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni.

Niko Arusha, huku juu Ilboru, na Julai ya huku haihitaji maelezo. Nina hita ya maji ya umeme ya lita 50, ile ya kusimama, imefungwa ukutani juu ya mlango wa bafu. Niliikuta kwenye nyumba nilipohamia, ina miaka minane hivi, na haijawahi kunisumbua hata siku moja. Jumatatu iliyopita mke wangu akaingia kuoga saa kumi na moja alfajiri, akatoka mbio. Maji barafu.

Nikaangalia. Breka iko juu, haijaruka. Swichi ya ukutani, ile kubwa yenye taa nyekundu iliyo nje ya bafu, taa inawaka. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti. Nikaita fundi. Akaja na testa yake, kile kipima umeme chenye taa, akafungua kifuniko cha chini cha hita, akagusa huku testa ikawaka, akagusa kule ikawaka. Akasema umeme unafika vizuri, tatizo themostati, kile kidhibiti joto. Nikampa elfu thelathini, akanunua, akafunga. Maji barafu. Kesho yake akarudi akasema basi ni elementi, ile ya ndani inayopasha maji, ila hita ya umri huo kuibadilishia elementi ni kutupa hela, ninunue mpya, yeye duka analijua. Pamoja na kufunga kanipigia laki tatu na nusu.

Laki tatu na nusu ninayo, lakini ina jina la mtoto na risiti ya ada. Kwa sasa tunachemsha maji kwenye sufuria, na mtungi wa gesi niliojaza juzi naona umeanza kuwa mwepesi.

Kitu kingine, sijui kama kinahusiana: kama wiki tatu zilizopita mke wangu alisema pale kwenye korido kuna harufu ya plastiki kuungua. Tulitafuta hatukuona kitu, tukasema ni jirani anachoma takataka.

Mmeru wa Pili
Pole mkuu. Nunua mpya, maisha yenyewe mafupi.

Nyanya Chungu
Huyo wa juu rahisi kusema, ada si yake.

Mzee wa Simtanki
Kijana, siku hiyo ya Jumatatu au Jumapili yake maji yalikatika? Mimi nilipokuwa Kigamboni simtanki lilikauka usiku, hita ikabaki imewashwa, na mtu akawa amefungulia bomba la moto akitafuta maji. Elementi ikaungulia hewani. Elementi inataka izame majini muda wote, ikipata hewa dakika chache tu basi. Nilipoitoa ilikuwa imepasuka kama muhogo uliosahaulika kwenye moto.

Mleta uzi
Shikamoo mzee. Maji hayakukatika, na presha ni ile ile. Ukifungua bomba la moto yanatoka vizuri tu, ila baridi.

Fundi Waya
Mleta uzi, mimi ni fundi umeme, nimepita chuo cha ufundi VETA, niko kazini mwaka wa kumi na nne. Huu mchezo wa kubadilisha kifaa kimoja kimoja mpaka ubahatishe unachezwa kwa hela ya mwenye nyumba. Usinunue kitu chochote kwanza. Na kabla hujagusa hita, nijibu maswali mawili.

La kwanza: taa unayosema inawaka ni ipi? Taa ziko mbili. Kuna ya swichi ya ukutani, na kuna ya hita yenyewe, kataa kadogo kwa chini karibu na kifuniko. Ya swichi inakwambia umeme umefika kwenye swichi, basi. Haijui chochote kuhusu kinachoendelea mbele yake. Ya hita ndiyo inayowaka pale elementi inapopata umeme, na inazima maji yakishafikia joto.

La pili: nenda kwenye mita yako ya LUKU. Ina kataa kekundu kanakokonyeza, na pembeni pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh, nyingine 1600 au 800. Maana yake taa inakonyeza mara 1000 kwa kila uniti moja. Zima breka zote isipokuwa ya hita. Washa hita, kisha hesabu mikonyezo kwa dakika moja. Hita ya wati 2000 kwenye mita ya 1000 lazima ikupe mikonyezo 33 hivi kwa dakika. Ya wati 1500 itakupa 25. Wati zake zimeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni. Taa ikikaa kimya, hita haili umeme kabisa, na hapo tunajua tunatafuta mahali umeme ulipokatikia. Ikikonyeza vizuri na maji bado baridi, basi hita inapasha na tatizo liko kwenye mabomba.

Hujafungua skrubu hata moja na tayari umegawa tatizo katikati.

Mmeru wa Pili
Hii ya kuhesabu LUKU sikuwa naijua. Nimejaribu sasa hivi kwa pasi. Kweli bwana.

Bibi Kahawa
Bonyeza kitufe chekundu! Hita yangu kila ikizima, mjukuu wangu anafungua kifuniko anabonyeza kitufe katikati ya themostati, inarudi. Mwaka wa pili sasa hatujaita fundi.

Fundi Waya
Bibi, shikamoo. Kitufe hicho ni kweli kipo na ni jambo la kwanza kuangaliwa, lakini hiyo "kila ikizima" imenitisha. Kazi ya kile kitufe ni hii: themostati inatakiwa kukata umeme maji yakifika pale ulipoiweka, tuseme nyuzi 60. Ikinata isikate, maji yanaendelea kupanda, na kabla hayajafika kuchemka kinga ya pili inakata yenyewe na haiwezi kurudi mpaka mtu abonyeze. Imewekwa ngumu hivyo makusudi. Ikiruka mara moja kwa miaka mitano, sawa. Ikiruka kila mwezi, themostati yako imenata au elementi imevaa koti nene la chokaa, na mnachofanya ni kumwamsha mlinzi kila siku mkimwambia hakuna mwizi. Badilisha hiyo themostati, Bibi. Na mjukuu azime umeme kwenye bodi ya breka kabla ya kufungua kifuniko. Asizime swichi tu. Kwenye bodi.

Bibi Kahawa
Marahaba. Nimekusikia mwanangu. Mjukuu amesema atanunua wiki hii, amesema hivyo hivyo wiki nyingine nyingi.

Mleta uzi
Mrejesho wa kwanza.

Taa ya hita yenyewe HAIWAKI. Nilikuwa naona haiwaki tangu Jumatatu lakini nikadhani kibalbu kimekufa, maana niliyokuwa naitegemea ni ya swichi. Kibati kinasema 230V 2000W. Mita yangu ni 1000. Nimezima zote nikabakiza hita, nimekaa na saa ya simu: dakika tatu, mkonyezo sifuri.

Halafu nikakumbuka kitu. Wiki hii uniti zinaenda polepole. Tulikuwa tunamaliza kama saba kwa siku, sasa nne na ushee. Nilikuwa nafurahi.

Kitufe nimebonyeza breka ikiwa imezimwa. Hakikulia "tak", maana yake hakikuwa kimeruka, si ndiyo? Nikawasha, hakuna kitu.

Nyanya Chungu
"Nilikuwa nafurahi." Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Fundi Waya
Hapo sawa kabisa. Hita haili umeme. Sasa tuirudie ile testa ya fundi wako, maana ndiyo iliyokugharimu elfu thelathini.

Amegusa pande mbili za elementi, testa ikawaka kote kote. Yeye akasoma "umeme upo". Mimi ningesoma "nyutro haipo". Fikiria mto. Umeme unaingia kwa waya wa moto, unapita kwenye elementi, unatoka kwa nyutro. Nyutro ikiwa nzima, testa ikigusa upande wa nyutro hailii wala haiwaki. Nyutro ikikatika mahali fulani, umeme unaingia, unapita elementi, unafika ng'ambo ya pili na kukwama kama maji kwenye bomba lililofungwa. Hautembei, kwa hiyo haupashi kitu, lakini upo, na testa inawaka pande zote mbili. Ukiona hivyo kwenye hita, kwenye jiko, hata kwenye taa ya kawaida, tafuta nyutro.

Na umeona jambo lingine: ili umeme ufike upande wa pili, lazima elementi yenyewe iwe haijakatika. Testa ya fundi wako ilikuwa inamwambia kwamba elementi ni nzima, na themostati ni nzima, yeye akaenda kununua themostati.

Hatari iliyopo hapa isikupite. Hita haifanyi kazi, lakini ndani yake nyaya zote mbili zina umeme wa kuua. Kitu kutofanya kazi si sawa na kitu kutokuwa na umeme. Kuanzia hapa sitaki uguse mwenyewe. Tafuta mtu mwenye maltimita, kile kipimo cha volti na omu, anayejua kuitumia.

Mmeru wa Pili
Sasa kama nyutro imekatika, mbona nyumba nzima ina umeme?

Fundi Waya
Imekatika ya njia ya hita peke yake. Kila njia ina nyutro yake kutoka kwenye bodi. Ikikatika ya nyumba nzima usingeuliza, ungeona mambo.

Nyanya Chungu
Naomba nidandie uzi kabla haujapoa. Niko Iringa. Hita yangu kinyume na ya mleta uzi: inapasha, lakini baada ya dakika kumi hivi meni swichi inatripu, nyumba nzima giza. Nikiizima hita, meni inakaa. Fundi ameniambia tuunganishe hita kwa kuipita ile meni, "iende moja kwa moja". Nikaona niulize kwanza.

Fundi Waya
Dada, huyo fundi asikanyage tena kwako. Nasema kwa herufi ndogo ila nimekasirika.

Meni inayotripu kwa namna hiyo ni ile inayolinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Vikitofautiana kidogo tu, nyingi ni kwa kiwango cha miliampea 30, inakata, kwa sababu tofauti hiyo inapitia mahali pasipostahili: kwenye ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, au kwenye mwili wa mtu. Elementi ni bomba jembamba la chuma, ndani yake kuna waya mwembamba uliozungukwa na unga mweupe unaozuia umeme usiguse bomba. Bomba likipata ufa, maji yanaingia kwenye unga. Ikiwa baridi inaweza kuvumilia, ikipata moto ufa unapanuka na umeme unavuja kwenye maji. Ndiyo dakika zako kumi. Maji hayo hayo ndiyo yanayokumwagikia kichwani ukiwa umesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Meni yako inafanya kazi nzuri sana, na anataka kuitoa.

Elementi ipimwe kati ya ncha yake na mwili wake kwa mega, kile kipimo kinachosukuma volti 500. Maltimita ya kawaida ina betri ndogo, inaweza kukuambia iko safi wakati haiko safi. Tumia sufuria mpaka ibadilishwe. Na muulize atakayekuja kama waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umefika kweli mpaka kwenye hita, maana nimeshakuta umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta "kwa sababu hauna kazi".

Nyanya Chungu
Nimezima kwenye bodi. Asante kaka. Mikono inatetemeka kidogo.

Kaka wa Maskati
Nawasoma kutoka Maskati. Huku shida yetu ya hita ni nyingine kabisa. Mwezi wa sita mpaka wa tisa tangi la juu ya paa linachemshwa na jua, bomba la baridi linakuunguza. Tunazima hita, halafu maji ya kuoga tunayachukua bomba la MOTO, kwa sababu yaliyo ndani ya hita yamekaa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi yakapoa. Mgeni kutoka Unguja alikaa wiki nzima anaoga maji ya moto hatujamwambia.

Mzee wa Simtanki
Wiki nzima! Nyinyi si watu.

Mleta uzi
Mrejesho mkubwa, nivumilieni ni mrefu.

Jirani ana kijana wake yuko VETA mwaka wa mwisho, anasoma umeme. Amekuja leo na maltimita na tochi ya kichwani, anaongea kidogo. Nimempa simu asome uzi huu, akasoma wote, akasema "huyu Fundi Waya yuko sahihi, ila nipime."

Kwanza alizima kwenye bodi, akachomoa nyaya za elementi, akapima elementi peke yake. Ikasoma omu 26 na pointi. Akaniandikia kwenye karatasi: 230 mara 230, gawa kwa 2000, unapata 26.45. Kwa hiyo elementi haina hata mkwaruzo. Kama ingekatika, maltimita isingesoma chochote. Akapima na kati ya elementi na mwili wa hita, hakuna kitu, akasema kwa mega angekuwa na uhakika zaidi lakini hana.

Akarudisha nyaya, akawasha, akapima yeye, mimi nikasimama mbali kama nilivyoagizwa. Kati ya waya wa moto na ethi: 228. Kati ya nyutro na ethi: 227. Kati ya moto na nyutro: karibu na sifuri. Akanitazama akasema "nyutro." Akaenda kwenye swichi ya korido, akafungua, akapima kwenye skrubu za kutokea: 229 kati ya moto na nyutro. Kwa hiyo swichi inatoa vizuri, hita haipokei. Ni mita nne tu katikati.

Mimi nikaanza kuwaza kubomoa ukuta. Yeye akazima tena kwenye bodi, akapima kuhakikisha pamekufa, akashika ule waya wa bluu unaotoka kwenye swichi na kuuvuta kidogo tu kwa koleo. Ukatoka wenyewe. Kichwa chake cheusi kama kaa, shaba imekuwa kama majivu, na plastiki ya swichi nyuma yake imeyeyuka ikatengeneza shimo la ukubwa wa punje ya mahindi. Waya ulikuwa umekaa pale kwa heshima tu.

Ndiyo harufu ya mke wangu ya wiki tatu. Ilikuwa hatua mbili kutoka mlango wa chumba cha watoto.

Amekata sehemu iliyoungua mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, akafunga swichi mpya ya ampea 20 (elfu kumi na mbili, nimenunua mwenyewe dukani), akakaza skrubu akavuta kila waya kuhakikisha. Tukawasha. Taa ya hita ikawaka. Nikakimbilia LUKU kuhesabu: 33. Sikutegemea ingekuwa 33 kabisa. Nilihesabu mara mbili.

Baada ya saa moja na robo taa ya hita ikazima yenyewe. Mke wangu yuko bafuni sasa hivi na hatoki.

Fundi Waya
Safi sana huyo kijana, na nimependa kwamba alipima tena baada ya kuzima kabla ya kushika. Wengi wetu tuliacha kufanya hivyo mwaka wa tatu kazini.

Kuhusu kwa nini imeungua: wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, na hita inazivuta kwa zaidi ya saa nzima bila kupumzika, kila siku, miaka minane. Simu na taa hazifanyi hivyo. Skrubu ikiwa imelegea hata kidogo, pale pa kugusana panapata joto. Joto linalegeza zaidi, kulegea kunaongeza joto. Breka haiwezi kuona kitu hicho, kwa sababu umeme unaopita haujazidi, ni ule ule wa ampea 9. Breka inalinda waya dhidi ya mzigo mkubwa, skrubu iliyolegea si mzigo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: hita ikiwa imewaka nusu saa, weka kiganja juu ya swichi yake. Vuguvugu kidogo ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, niite.

Angalia pia waya wenyewe. Kwa hita ya wati 2000 mpaka 3000 mimi naweka wa milimita 2.5. Nikiukuta wa 1.5 uliowekwa na mtu aliyekuwa anabana matumizi, natoa.

Mleta uzi
Kijana ameangalia, ni 2.5. Nimempa elfu ishirini akakataa akachukua kumi.

Mmeru wa Pili
Na yule fundi wa laki tatu na nusu?

Mleta uzi
Nimemtumia picha ya waya. Amejibu "ahsante kwa taarifa boss".

Mzee wa Simtanki
Kwa kuwa umeshaifungua hita, usiifunge bila kuangalia fimbo ya magnesi. Ndani ya tangi kuna fimbo ya madini laini, imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu inahamia kwenye chuma. Kigamboni na maji yetu ya kisima yenye chumvi ilikuwa inaisha kabla ya miaka miwili, nilipopuuza tangi likatoboka chini, na tangi lililotoboka halizibwi. Yako ya miaka minane pengine imebaki waya wa katikati tu.

Mleta uzi
Mzee sikuwa najua kama kuna kitu hicho. Inatolewaje?

Mzee wa Simtanki
Unazima, unafunga maji ya kuingia, unamwaga tangi, unafungua sahani ya chini iliyobeba elementi, mara nyingi fimbo imeshikana nayo hapo hapo. Nunua na gasketi mpya, ya zamani ukishaifungua haikai tena. Ukimaliza, JAZA MAJI KWANZA. Fungua bomba la moto, subiri yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe umeme. Nimeshakuhadithia ya muhogo.

Bibi Kahawa
Na mimi ninalo. Kile kivalvu cha pembeni ya hita kinadondosha maji kila jioni. Mjukuu amekiziba kwa kijiti na mpira. Ni sawa?

Fundi Waya
Bibi, toa kijiti leo. Usisubiri wiki hii ya mjukuu.

Maji yakipashwa yanatanuka. Lita 50 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na kama kuna valvu inayozuia kurudi nyuma, hazina pa kwenda isipokuwa kutokea hapo. Matone wakati wa kupasha ni kazi yake. Yakidondoka usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa, hapo ndipo kuna tatizo, ama presha ya maji ni kubwa ama valvu imeingia uchafu. Sasa fikiria kwako: themostati inayonata, kitufe kinachobonyezwa kila kikiruka, na valvu iliyozibwa. Hizo ndizo kinga zake zote tatu. Weka mpira wa kupeleka matone kwenye beseni au kwenye tundu la maji machafu, lakini mdomo wake ubaki wazi.

Bibi Kahawa
Kijiti kimetoka. Mjukuu ameandika anasoma hapa, amesema anakwenda dukani sasa hivi na amevaa viatu.

Kaka wa Maskati
Swali la kijinga: dada yangu yuko Moshi, hita mpya kabisa, inapasha, taa inazima vizuri, lakini maji ya moto yanatoka nusu ndoo kisha vuguvugu, kisha baridi. Lita 80! Fundi amesema aongeze joto.

Fundi Waya
Si la kijinga. Mwambie aangalie mabomba mawili ya chini, lenye alama ya bluu na lenye nyekundu. Nina hakika ya asilimia tisini yamegeuzwa. Ndani ya hita ya kusimama bomba la kutokea maji ya moto ni refu, linapanda mpaka juu kwa sababu maji ya moto hukaa juu. La kuingilia ni fupi, linaishia chini. Ukiyageuza, maji baridi yanaingizwa juu yakichanganyika na ya moto, na wewe unavuta ya chini. Kuongeza joto ni kuongeza bili tu. Lita 80 kutoka nyuzi 18 mpaka 60 zinakula karibu uniti nne, kwa bei ninayonunulia mimi ni shilingi elfu moja na mia nne hivi kila ukijaza joto.

Nyanya Chungu
Mrejesho kutoka Iringa. Nimepata fundi mwingine, amekuja na mega. Elementi imevuja. Ameitoa, ina ufa mwembamba upande wa chini kama unywele, na imefunikwa chokaa nyeupe ukiigonga inabanduka vipande. Amebadilisha, ameosha tangi, ndoo nzima ya mchanga mweupe imetoka. Na waya wa ethi ulikuwa haujafungwa popote, ulikuwa umekunjwa nyuma ya kifuniko kama alivyosema Fundi Waya. Siku tatu sasa meni haijatripu.

Kuhusu yule wa kwanza aliyetaka kuipita meni, alinipigia kuuliza kama niko tayari. Nikamwambia ethi imepatikana. Akauliza ilikuwa imepotea?

Mleta uzi
Mzee, fimbo nimeitoa leo na yule kijana. Imebaki waya wa katikati, kama ulivyosema. Gasketi na fimbo mpya nimepata mjini, tumejaza maji mpaka yakaacha kukohoa, tumewasha, nimehesabu LUKU tena kwa mazoea.

Ile themostati ya zamani kijana ameipima, ni nzima. Ninayo kwenye droo. Kama mjukuu wa Bibi bado hajafika dukani na hita yao inatumia themostati ya fimbo ndefu, aniandikie nitaituma kwa basi.

Bibi Kahawa
Ameshafika dukani. Ila nitumie mwanangu, duka limefungwa.